Nyota za Mzee Ndalahwa

Benchi la kahawa la Mihayo lilikuwa Kirumba, kwenye kona ambayo upepo wa ziwa uliiletea harufu ya viwanda vya minofu, vile vilivyoota ufukweni miaka ya soko huria. Jumamosi hiyo mchana Ngosha alifika na bunda la karatasi, amevimba kwa hasira. Zilikuwa ratiba za misa ya kumbukumbu ya baba yake, Mzee Ndalahwa mvuvi, misa ya kesho asubuhi huko Buswelu. Alikuwa ameomba kitu kimoja tu: mstari wa nyota juu ya jina la marehemu, kama alivyoona kwenye misiba ya wakubwa. Aliyemchapia ni Maige, karani wa kiwandani, ambaye benchi zima lilimwita Skrini.

— Soma hapo juu, Skrini! Soma kwa sauti!

— Barafu. Mabondo. Mapanki. Minofu. Usafiri.

— Nyota ziko wapi?

— Niliziandika, kaka, haki ya Mungu. Kompyuta ile haina picha, ni kioo cheusi na maandishi tu. Unaiamuru iandike, inaandika. Bosi aliwahi kunionya, nikasahau: nyota ukiiacha wazi bila alama za kunukuu, yenyewe inaelewa unataka majina ya mafaili yote ya kiwanda yaliyomo. Ikayamwaga.

— Juu ya kichwa cha baba yangu!

Ngosha alikaa, akasimama tena. Mzee alivua sangara tangu ujana. Viwanda vilipokuja, minofu ikapanda ndege pamoja na mabondo, vile vifuko vya hewa vya tumboni mwa samaki, na mkewe akawa ananunua mapanki, yale mafupa yaliyobaki na kichwa. Siku moja Mzee aliyamwaga jalalani, akaapa hayataingia tena nyumbani kwake. Leo yamekaa juu ya jina lake. Iliuma, jamani.

— Hiyo si bahati mbaya, alisema Okeyo, waliyemwita Redio kwa kujua habari zote. Mashine zile zinamjua mtu. Imeona mvuvi, ikamweka na samaki wenzake.

— Wenzake nani, wewe?

— Redio, unachezea pembeni, akadakia Chenge, ambaye pale benchini alikuwa Jaji. Angalieni vizuri. Barafu, minofu, usafiri. Hiyo ni safari! Mzee ameandikishwa kama mzigo!

— Wa Ulaya? aliuliza Redio.

— Sasa wa Usagara hapa jirani? Ulaya! Hawa watu samaki wametumalizia, wameanza na wavuvi!

— Basi tukafukue tuhakikishe, alisema Redio.

— Mtamfukua nani? Ngosha alifoka. Mimi nataka nyota zangu! Skrini, inuka, twende ukachape upya.

— Geti limeshafungwa, kaka. Limefungwa tukiwa hapa tunabishana. Mpaka Jumatatu.

— Kwani hukusoma kabla ya kufunga bunda?

— Na wewe ulipolipokea?

Mihayo aliinamisha birika kwenye kikombe cha Jaji. Yakatoka machicha.

Hapo ndipo Wilhelmina, mama yake Ngosha, alipotokea na mishumaa ya misa mkononi.

— Shikamoo mama, waliamkia wote.

— Marahaba wanangu. Zimetoka?

Akachukua moja juu ya bunda kabla Ngosha hajaunyoosha mkono. Kusoma hakujua, lakini jina la mumewe alilijua kwa sura, maana lilikuwa ubavuni mwa mtumbwi wake miaka yote. Akaliwekea kidole.

— Huyu ndiye. Na hapa juu yake pameandikwa nini?

Redio alitazama kikombe. Jaji alikohoa, akaangalia upande wa ziwa. Skrini alitamani ardhi ipasuke. Ngosha alitafuta hasira yake yote ya tangu mchana, hakuiona.

— Nyota, mama, alisema.

— Nyingi hivi!

Akapitisha kidole taratibu juu ya mapanki na minofu, machozi yakimlengalenga.

— Angefurahi sana. Mungu awabariki.

Akaikunja karatasi, akaiingiza kifuani, akaondoka na mishumaa yake. Skrini akalivuta bunda mapajani, akaanza kuchana vichwa vya karatasi zilizobaki, penye ule mstari wa mafaili, moja moja, na wenzake wakamsaidia. Ile ya mama hakuna aliyethubutu kuifuata.