Fundi Cherehani na Kope za Mbuzi

Alikuwa amepiga magoti zizini, akiwa amembana mbuzi wa tisa kwa mapaja. Kwa kidole gumba alivuta kope ya chini, ngozi ya ndani ikaonekana, akaweka kando yake vipande vya vitambaa, kuanzia chekundu hadi cheupe. Akalinganisha rangi.

"Wewe damu unayo. Hupati dawa leo, nenda zako!"

Wasikilizaji wapendwa, huyo ndiye Bi Kope, tuliyemzika juma lililopita. Alikuwa fundi cherehani. Narudia: fundi cherehani, si daktari wa mifugo.

Mwaka ambao dawa ya minyoo iligoma, alipoteza mbuzi kumi na mmoja. Minyoo iliwafyonza damu, kope zikapauka, wakaanguka. Lakini jike mmoja wa kahawia, aliyekula majani yale yale, alizidi kunenepa. Shemeji yake, muuza nyama, akaja mbio.

"Shemeji, uza huyu. Wagonjwa nani atawataka?"

"Ndiyo kazi yetu kila mwaka. Tunauza wazima, tunazalisha wagonjwa, kisha tunailaumu dawa."

"Sasa tutakula hizo kope unazozitazama?"

"Utakula ulimi wako, ukiendelea."

Hakumuuza. Lakini hakujigamba pia. Binti yake anakumbuka: "Mama alisema, huenda ni bahati, huenda ni umri, huenda amezaliwa na kinga. Tungoje watoto wake."

Wakazaliwa watatu. Wawili walibaki na kope nyekundu. Wa tatu akapauka. Bi Kope aliwaandika wote kwenye daftari, hata huyo aliyemvunja moyo.

Aliandika miaka kumi na miwili. Dawa aliwapa waliopauka tu, na mbegu aliichukua kwa waliohimili. Minyoo haikuisha. Vifo ndivyo vilivyopungua: mwaka jana, mbuzi mmoja. Mmoja tu.

Baada ya mazishi, ndugu walitaka kundi lote liuzwe. Binti alilishika daftari la mama yake. Wote wakamgeukia muuza nyama, ataje bei.

"Mimi sinunui," alisema, akimwelekea binti. "Nimekuja kumwomba mwanangu huyu dume la mbegu. Mbuzi wangu wanakwisha."

Hakuna aliyetaja kuuza tena.

Kwa binti, kwa shemeji na jamaa wote, poleni sana. Nawe msikilizaji, ugonjwa ukipita zizini kwako, usiwahesabu waliokufa tu. Mtazame vizuri aliyesimama, ujiulize kwa nini yeye.

Jana binti na baba yake mdogo, yule muuza nyama, walianza kukagua madume wadogo. Wako tisa. Giza lilipoingia walikuwa wamemaliza watano, na mmoja kati yao aliwafanya wabishane kama kope zake ni nyekundu au zimepauka. Wanne waliobaki ni wa leo.