Injini ya Mervyn Isiingie Kwenye Pikapu Yangu

Sogeeni wanangu. Glenys, kaa hapa miguuni, na wewe Darryl weka hiyo spana chini, maana hakuna injini itakayofungwa leo mpaka nimalize kusema, na muuguzi akija mwambieni nimekataa kulala.

Baba yenu mdogo Mervyn aliing'oa injini ya pikapu yangu ya Holden wiki ileile niliyomzika baba yenu, akaiuza, kisha akaniambia waziwazi, "Shemeji, mjane wa hapa Kadina atakimbilia wapi na gari?" Nimekaa na boneti tupu miaka yote hii, sikumwomba kitu. Sasa kasikia nakufa, kaja na injini chini ya turubai, rangi nyekundu bado inanukia. "Ni ileile, Noreen. Nisamehe, tuifunge uisikie ikinguruma." Nyinyi mkalia.

Mimi sikulia. Mlinisukuma na kiti changu hadi gereji. Darryl, ulifungua plagi ukamulika silinda, safi. Ukaizungusha kwa mkono, ikakubali. Oili haikuwa na maji. Injini nzima, sikatai. Lakini pale inapogongwa namba nilipapasa kwa kidole: pamesuguliwa juzi, na tarakimu zimelala upande. Namba ni ya injini yangu, nyundo iliyoigonga ni ya Mervyn. Ndipo Glenys ukakwangua rangi ubavuni, ukausoma mwaka uliochorwa kwenye chuma chenyewe kilipoyeyushwa kiwandani. Mwaka huo wewe ulikuwa umeshaanza shule, na pikapu hii ndiyo iliyokuleta nyumbani ulipozaliwa.

Mervyn akanong'ona, "Nani atajua?"

Nikamjibu, "Mimi nitajua, na bado sijafa."

Angekuja mikono mitupu ningemsamehe palepale. Basi mrudishieni injini yake. Pikapu ni yenu wote wawili. Tafuteni injini nyingine, yoyote, ila atakayewauliza imetoka wapi aambiwe kweli.

Jeneza langu liwekeni nyuma ya pikapu, boneti tupu hivyohivyo. Msikodi gari la kuivuta. Mtaisukuma kwa mikono hadi makaburini, Glenys kwenye usukani, na Mervyn asukume nyuma katikati, mji mzima uone jasho lake. Akiachia njiani, mwacheni hapohapo. Akifika... nipeni maji kidogo... akifika, mketisheni mezani kwenu, mmiminieni chai. Yatakuwa yamekwisha.

Mungu awatunze, wanangu. Msigombane... Pale barabara inapokata reli, Darryl... sukumeni kwa pamoja.