Sitasimama Kati Yenu Tena

Bismillahi. Sikilizeni wanangu, na wewe Shamsi acha kuutazama mlango, maana nshamwambia jirani yetu Bi Mashavu aufunge kwa nje na hafungui mpaka nimwite. Kila mmoja nilimpelekea salamu kuwa namtaka peke yake, na kila mmoja kaja akamkuta mwenzake. Huo ndio udalali wangu wa mwisho, nikasirikieni mkitaka. Kidawa, wewe mkubwa, kaa hapa kitandani. Shamsi, vuta kiti uje karibu, sina pumzi ya kumpigia mtu kelele.

Mali ni jambo dogo. Nyumba hii ya Malindi na minazi ya Bububu atavigawa Kadhi kama sharia inavyotaka, na mimi sina ruhusa ya kumpendelea mrithi wala sitaki. Deni la mtu sina. Pandu, dalali mwenzangu, aliyeninyang'anya mnunuzi wa nyumba ya Mkunazini tukawa hatuamkiani, akija kunizika mwacheni ashike jeneza, nami namwomba anisamehe nilivyomsema Darajani nzima.

Nimewalea kwa mdomo huu. Mtu anauza nyumba, mwengine anaitaka, na mimi nakaa katikati. Muuzaji akisema, "Kamwambie bahili huyo aende zake," mimi namwendea mnunuzi namwambia, "Mwenyewe anakusalimu, anakuomba uongeze kidogo." Mnunuzi akitukana, tusi naliacha njiani. Na sharti kubwa la kazi yetu ni kuwa wawili hawa wasionane mpaka mambo yashakuwa, kwa sababu wakionana mapema ama watagombana, ama wataelewana wenyewe na dalali arukwe, arudi kwake mikono mitupu. Watu wanatusema sana, lakini mji huu una watu wasiopikika chungu kimoja, na bila ya mtu wa kati wasingeuziana hata mlango. Kazi yangu siijutii. Nnajuta kuileta nyumbani.

Siku aliyokufa mama yenu, Mwanakheir, Mungu amrehemu, Kidawa ulikuwa kwa mumeo huko Kiwengwa. Mtu tuliyemtuma aliharibikiwa na gari njiani, wazee wakasema maiti hacheleweshwi, Shamsi akawakubalia, tukamzika baada ya sala ya adhuhuri. Wewe ukafika alasiri, hukumwona uso. Pale pale ilikuwa niwakalishe nyote wawili, ulie mbele ya mdogo wako akuone unavyolia. Ukaniambia, "Mwambie Shamsi mimi si dada yake tena," na mimi kwa mazoea yangu nikenda nikamwambia, "Dada yako ana homa, hawezi kuja hitimani." Naye hakuniamini, akajibu, "Akitaka kununa, na anune," nikakuletea, "Mdogo wako anakuuliza hali." Tangu hapo, iwe sikukuu, iwe arusi, mmekuwa mkipitishia maneno kwangu, na mimi nkiyapunguza makali nkijiona mtu mwema. Shamsi mpaka leo hajui ulivyoumia. Na wewe hujapata kumwona akishindwa kulitaja jina la mama yenu.

Mtaani wanadhani siasa ndiyo iliyowatenga, maana siku hizi za kura ndugu wengi hawasemezani. Niliwaacha wadhani hivyo.

Na zito zaidi ni kuwa nilipenda kukaa kati yenu. Mwanakheir kaondoka, nyumba imenyamaza, na nyinyi kila mmoja ana haja na mimi: Kidawa unakuja na samaki wa Kiwengwa na neno la kupeleka, Shamsi unakuja na mkate wa mofa na jawabu. Nikaogopa kuwa mkipatana mtatembeleana wenyewe, na mimi nitarukwa. Juzi mwanao Tabia, Shamsi, kamwona Kidawa anatoka ukumbini akaniuliza, "Babu, yule bibi nani?" Shangazi yake mwenyewe. Roho yangu inaniuma tangu siku hiyo.

Nipeni maji. Kidogo tu. Basi.

Nkifa, nizikeni karibu na mama yenu, na uso wangu usifunikwe mpaka Kidawa auone, hata wazee wakigomba. Shamsi, safari hii simama imara. Hitima ipikwe humu, kwa mikono yenu wote wawili. Radhi zangu mnazo, hata haya niliyosema yakiwashinda. Mungu awape afya, awatilie baraka katika riziki na watoto wenu, asiwaonyeshe upweke nilio... uniinue kidogo, Shamsi. Hapo. Nshachoka.

Kidawa, jana ulinipa neno nimfikishie mdogo wako. Na wewe Shamsi umenipa lako leo asubuhi. Yote mawili n'nayo kifuani, na ndiyo ya mwanzo ambayo hayakutaka kupunguzwa makali hata kidogo. Siyafikishi. Sina nguvu, na hata ningekuwa nazo nisingeyafikisha.

Nigeuzeni nielekee kibla, mmoja ashike mabega, mmoja miguu... taratibu. Hivyo hivyo.

Haya, Kidawa. Yuko mbele yako. Mwambie.