Marahaba ya Kilomita ya Kumi na Nane

Kornelia alijifanya anatazama nje, ingawa dirisha lake la basi lilikuwa limezibwa kwa boksi. Mbele yake mwalimu mstaafu wa michezo alikuwa akimsulubu kijana aliyeketi naye, Wolfgang wa Endagikot, ambaye juzi alikimbia nusu marathoni kule Dar akarudi na fulana tu.

"Si ulikuwa unaongoza?"

"Nilikuwa naongoza, mwalimu. Kilomita ya kumi na nane tukachanganyika na wale wa kilomita tano. Nikamkuta mzee anatembea zake, nikamwamkia."

"Sawa. Ukapita."

"Hakuitikia. Alikuwa amechomeka hedifoni masikioni. Nikapunguza mwendo, nikamwamkia tena."

"Mwenzako aliyekupita kapewa pikipiki, wewe unasubiri marahaba!"

"Sasa ningempitaje mzee wa watu kama mbuzi?"

"Mbuzi sasa hivi angekuwa na pikipiki!"

Kornelia aliuma kitenge asicheke. Mwalimu akaapa kwamba mbio za mwezi ujao kijana akifungua mdomo tu, atamfuata huko huko amtandike. Wolfgang akajibu kwa upole kwamba yule mzee akiwepo, atamwamkia.

Gari likasimama Dongobesh. Mwalimu akanyakua mkoba wake, akakimbilia mlangoni, akakutana na bibi kizee anayetaka kupanda.

"Shikamoo, mama."

Bibi alikuwa anajifunga shuka lake vizuri, hakuitikia. Mwalimu akabaki pale pale, mguu mmoja ndani, mmoja nje, akisubiri, mpaka pikipiki zote za stendi zikaondoka na abiria wengine.