Wabeba Machela wa Rwezamenyo Wanamuulizia Évode

Mgeni rasmi, umetoka mbali na barabara yetu umeiona mwenyewe. Pole, na karibu Rwezamenyo. Masheikh, assalaam alaikum. Mapadri, Yezu akuzwe. Konseye wetu, kiongozi wa sekta hii, akina mama mliokaa juani tangu asubuhi, karibuni wote.

Tafadhali usiegemee ukuta wa zahanati. Rangi imepakwa jana, baada ya kusikika kwamba unakuja.

Tumeagizwa kwamba risala iwe fupi, na isitaje jambo lolote la kusikitisha mbele ya mgeni. Basi tutaanza na ya kufurahisha, ili tuyamalize upesi.

SISI NI NANI

Sisi ni chama cha wabeba machela. Huku machela tunaiita ingobyi: kitanda cha kusukwa, miti miwili na mabega manne. Mgonjwa akizidiwa filimbi inapulizwa, na kila mwanamume aliye karibu anaacha kazi yake, hata kinyozi anamwacha mteja na ndevu za upande mmoja. Baba zetu walikianzisha chama hiki kwa sababu teksi hazikutaka wagonjwa. Mpaka leo hazitaki.

Tuna sheria moja kubwa kuliko zote: ugonjwa wa aliyebebwa hautajwi njiani. Ukituuliza, tunajibu, "Tumebeba mtu wa watu," na tunapita. Wazee waliiweka baada ya binti mmoja kubebwa mimba ikimharibikia. Kabla hajafika hospitali mtaa mzima ulishajua, na mchumba wake alishakimbia.

MAFANIKIO

Hakuna mama wa mtaa huu aliyejifungulia njiani kwa kukosa wabebaji. Matofali ya zahanati hii tuliyasomba sisi siku za umuganda, zile kazi za pamoja. Ina chumba cha wajawazito, cha chanjo na cha malaria, na tunashukuru. Tumeizunguka yote tukitafuta mahali pa mtu aliyerukwa na akili, au walau mtu wa kumwambia mama yake aende wapi. Hapana. Mafanikio yameishia hapo.

MATATIZO

Tunalo moja, na lina jina. Linaitwa Évode.

Évode ni fundi cherehani, mtoto wa pekee wa Pudentienne, muuza mkaa wa hapa nyuma ya msikiti. Hiyo suti ya konseye uliyoisifu uliposhuka garini ameishona yeye. Mwaka huu usingizi ulimkimbia. Mama yake alimsikia akizungumza peke yake chumbani, akadhani anasali, akamwacha. Kisha siku moja mchana alikata gauni la bibi harusi vipande vipande mbele ya mwenyewe, akatoka barabarani na mkasi mkononi, akiwakataza watu wasiingie majumbani mwao kwa kuwa nyumba zitawaangukia. Hakumgusa mtu. Lakini mkasi ni mkasi, na watoto walikuwa wanatoka shule.

Pudentienne alikimbia kwa konseye. Tunalisema akiwa hapa, alikanushe akiweza. Konseye alimwambia, "Mama, hii si mambo ya sekta. Enda kwa masista."

Masista wakasema, "Sisi iko na dawa ya homa tu. Jaribu jandarmu."

Jandarmu, askari wa kituoni, akamuuliza, "Ameua mtu?"

"Hapana, baba."

"Basi akiua, utakuja."

Hebu fikiri, mgeni rasmi! Mama anaambiwa arudi mwanawe akishaua. Alirudi mtaani analia, na hakuwa analia kwa huzuni. Alikuwa na hasira. Mwanamke akishikwa na uchungu wa kuzaa, hata mtoto mdogo wa huku atakuonyesha njia ya kwenda. Kwa maradhi ya Évode, mtaa mzima hatukuijua njia.

Ndipo tukapuliza filimbi, tumpeleke hospitali yoyote itakayompokea. Hatukuwa tumewahi kumbeba mtu asiyetaka kubebwa. Pudentienne alimbembeleza mwanawe, akamshika shavu, akamwita kwa jina la utotoni. Évode akakataa. Mama akatugeukia, akasema, "Mfungeni. Lakini msimuumize." Neno hilo linamla mpaka leo. Tulimfunga kwa vitambaa vya kazi yake, naye akituita kwa majina, mmoja mmoja, akituuliza amemkosea nani.

Njiani tukakuta barieri, kizuizi cha askari. Vita hivi unavijua. Askari akauliza, "Huyu amefanya nini?"

Mzee Silvère, mwenyekiti wetu, akajibu kama sheria yetu inavyotaka: "Tumebeba mtu wa watu."

"Watu gani? Mbona mumemfunga?"

Silvère akanyamaza, nasi tukanyamaza. Miaka yote ukimya huo ulikuwa heshima kwa mgonjwa. Pale barierini askari wakaona mtu aliyefungwa, na waliomfunga hawataki kusema kwa nini. Wakasema ni mpelelezi wa adui. Pudentienne alikuwa nyuma yetu na sufuria ya uji. Alipofika akipiga kelele, "Ni mgonjwa! Kichwa ndiyo inaumwa!" gari la askari lilishaondoka naye.

Mficha maradhi kifo humuumbua, wahenga walisema, na sisi tulificha maradhi ya mwenzetu mahali pasipofaa. Hilo ni letu. Yanayofuata ni ya wakubwa.

Pudentienne alikwenda kasho, mahabusu walikomfungia mwanawe. Wakamwambia amepelekwa hospitali. Hospitali yenyewe hatuitaji jina, kwa maana hatukuja kugombana na ukuta. Mlinzi wa lango akasema aliyeletwa na serikali haonwi na familia.

"Ni mgonjwa au ni mfungwa?" Pudentienne akauliza.

"Mama, mimi ni mlinzi."

Muuguzi akapita, akamwambia, "Ametulia, anachomwa sindano." Sindano gani? Nani kaamua? Évode mwenyewe kaelezwa? Atatoka lini, na kwa kauli ya nani? Muuguzi alishaingia ndani. Pudentienne aliporudi tena na nguo safi, walimwambia jina hilo halipo.

Halipo! Mtu mzima, fundi wa mtaa mzima, halipo.

MAOMBI

Hatuombi gari wala bati.

Tunaomba mlango mmoja unaojulikana, ambao mama akiubisha mwanawe akiwa na mkasi mkononi, hataambiwa aende mlango mwingine.

Kama ipo sheria ya kumshika mtu kwa nguvu ili atibiwe, isomwe hapa kwa sauti, kwa lugha tunayoongea. Tujue anayeamua ni nani, mtu anashikwa mpaka lini, mama anaruhusiwa kumwona siku gani, na mgonjwa akisema hapana, anasikilizwa na nani. Nguvu hatuikatai, maana tulimfunga sisi wenyewe. Tunaikataa nguvu isiyo na mwenyewe, ambayo kila ukimuuliza mtu anakuonyesha mwingine. Uchungu wa mwana aujuaye mzazi, na mzazi huyu mmemchezea vya kutosha.

Sisi sheria yetu tumeibadilisha. Barierini sasa tunasema ukweli. Tunangoja na nyinyi mbadilishe yenu.

Mgeni rasmi, tumewaomba wenzetu wasipige makofi risala ikiisha. Pudentienne aliwekewa kiti mstari wa mbele, amekikataa. Geuka umwone: ni yule aliyesimama mbele ya gari lako. Anataka umwambie Évode yuko wapi. Kama hujui, umpakie umpeleke kwa anayejua, leo hii. Hatoki pale mpaka moja litendeke, na sisi hatutamtoa.

Tunamwomba dereva wako asimpigie honi.

Mwenyezi Mungu akufikishe salama kwa watoto wako, na akupe moyo wa kumrudisha wa mwenzio.

Imesomwa na Mukantwari, katibu, kwa niaba ya Chama cha Wabeba Machela, Rwezamenyo, Kigali, Agosti 1992.