Kura ya Mzee Eligio Mota, Mpima Miwa

Wapendwa mliokaa barazani na ninyi mliosimama juani, familia imempa Yudelka, mjukuu wa marehemu, kazi ya kuwasomea maisha ya mzee Eligio Mota Severino, kwa kuwa ndiye aliyekaa naye mpaka mwisho.

Marehemu alizaliwa tarehe 1 Desemba 1948 hapa hapa Batey Guayabal, kambi yetu ya wakata miwa, mtoto wa nne wa mkata miwa, akasoma mpaka darasa la tano, na mwaka 1961 akaacha shule akaingia shambani na panga. Mwaka 1970 aliajiriwa kwenye mizani ya kiwanda cha sukari, akapima miwa kwa miaka arobaini na mmoja, na wakataji wanakumbuka kwamba hakumwongezea mtu hata kilo moja, wala hakumpunguzia. Tarehe 6 Mei 1978 alimuoa Casilda Paulino, aliyetutangulia mwaka 2015, wakajaliwa watoto wawili, Milqueya na Radhamés, babake Yudelka.

Jumapili alikuwa mwandishi wa alama wa timu yetu ya besiboli, na jioni zake alizimalizia dukani kwa rafiki yake Toribio, wakibishana ni mchezaji gani mwenye thamani kuliko wote kwa timu yake. Wengine walihesabu mipira iliyovuka uzio, yeye alikuwa na swali moja tu, "Mtoe huyo, tunabaki na nini?", na kwa swali hilo amewanyamazisha wengi walioko hapa.

Radhamés alikuwa mdakaji, yule anayechuchumaa nyuma ya mpigaji na kumwongoza mrushaji kwa ishara za vidole, kazi ambayo watu hawaipigii makofi. Mwaka 2009 kiwanda kilitangaza kwamba mchezaji atakayechaguliwa kuwa wa thamani kuliko wote atapata ajira ya kudumu kwenye mizani, na Radhamés, aliyekuwa akiokoteza vibarua huku Yudelka ana miezi mitano, aliihitaji sana. Wazee watano walipiga kura Jumapili tarehe 28 Juni, mkesha wa sikukuu ya Mtakatifu Petro, mbili zikamwendea Radhamés, mbili zikamwendea Fermín, mrushaji, ikabaki ya marehemu. Hapo Toribio akamtania, "Mzee mwenzangu, kura hiyo isije ikanuka ndizi za jikoni kwako," watu wakacheka, na marehemu, aliyeogopa kuambiwa ameinamisha mizani upande wa mwanawe, akamwandika Fermín kwenye kitabu chake cha alama.

Nyumbani Radhamés hakugombana, alisema tu, "Sikutaka unipendelee, baba. Ungenitoa kwenye timu kama unavyowatoa wengine, halafu ukahesabu kinachobaki." Tarehe 19 Julai alipanda mashua pwani ya Miches pamoja na watu wengine, wakielekea Puerto Rico kutafuta kazi, na mpaka leo hakuna aliyeleta habari zao. Timu ilikuwa imebakiza mechi kumi na moja, ikafungwa tisa, na marehemu aliziandika zote kwa mkono wake.

Tangu hapo aliendelea kubishana dukani, kila msimu akimtetea mdakaji, awe wa timu yoyote ile, lakini jina la mwanawe hakulitaja, wala hakukubali asaliwe sala za siku tisa tunazowasalia wafu wetu, akisema kwamba asiye na kaburi hasaliwi.

Septemba 2023 figo zake zilishindwa, Yudelka akaacha shule akiwa kidato cha pili ili ampeleke hospitali kusafishwa damu mara tatu kwa wiki, na aliyewachukua kwa gari, bila kukosa hata siku moja, ni Fermín.

Jumapili iliyopita, tarehe 9 Novemba, Toribio alikuja na kahawa, akakaa kando ya kitanda, akaanza kumchokoza kuhusu msimu huu, kwamba mtu anayetetea wadakaji ni yule asiyeuona mpira ukiruka, lakini marehemu hakucheka.

"Toribio," alisema, "ubishi wa mwaka 2009 hatujaumaliza."

Akaomba kitabu cha alama, na kwa kuwa mkono wake haukuweza tena kushika kalamu, akamwambia Yudelka aandike chini ya kura ile ya zamani: "Nilikosea. Ni Radhamés, mdakaji." Toribio akatia sahihi, akaomba msamaha kwa utani wake wa siku ile, naye marehemu akamjibu kwamba utani haukupiga kura. Aliagiza maneno hayo yasomwe leo mbele yenu, na kwamba Fermín asiinamishe kichwa, maana hakuiba kitu cha mtu.

Alifariki Jumanne tarehe 11 Novemba 2025, saa nne asubuhi, kitandani kwake.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi, wenzake wa mizani, majirani mliopika chai ya tangawizi tangu jana, mzee Toribio aliyefunga duka, na Fermín aliyebeba jeneza upande wa kichwani. Sala za siku tisa zinaanza leo jioni, na shangazi Milqueya amekubali zisaliwe kwa majina mawili.

Babu, pumzika kwa amani, na ukimkuta baba huko, mwambie kura imesomwa.