Maisha ya Mwalimu Fulgence Uwonda, Aliyeufundisha Mji wa Bunia Kunawa kwa Kihispania

Wazee wa ukoo, Padri wetu, waalimu wenzake na marehemu, jirani wa Nyakasanza, na nyinyi wanafunzi wake mliojaa mpaka barabarani, mimi Placide Unega, mdogo wake wa tumbo moja, nimepewa na familia kazi ya kuwasomea maisha ya kaka yangu, na naomba mnivumilie, kwa sababu tangu utoto nimekuwa nikisimuliwa habari zake na watu wengine, kana kwamba simjui, na leo kwa mara ya kwanza zamu ya kusema ni yangu.

Fulgence Uwonda alizaliwa tarehe 2 mwezi wa kumi 1944 pale Mahagi-Port, kando ya ziwa, mtoto wa kwanza wa mzee Henri, mvuvi, na mama Berthe, ambao wote wawili wametutangulia. Mimi nilizaliwa mwaka 1948, na mama alikuwa akisema kwamba Fulgence alikuja duniani na uso wa furaha na mimi nikaja nimekunja uso, jambo ambalo sijui aliliona wapi, lakini alilisema mbele ya wageni mara nyingi mpaka likawa kweli. Kichwa cha samaki kilikuwa chake, mkeka wa karibu na ukuta ulikuwa wake, na akivaa shati jipya mimi nilivaa lile alilolivua, hata ikiwa vifungo vimekwisha kukatika.

Masomo ya msingi aliyafanya Mahagi, kuanzia mwaka 1951 hadi 1957, na mwaka uliofuata mapadri walimwambia baba kwamba katika shule ya sekondari ya Bunia iko nafasi kwa mtoto mmoja wa nyumba yetu, na baba akampeleka Fulgence bila kuuliza nani ana akili kuliko nani, kwa kuwa kwetu mdogo hampiti mkubwa, iwe kwenye sahani, iwe kwenye masomo, iwe kwenye ndoa. Wanaotoka kwetu wanaijua desturi hiyo, na wageni naomba waishike vizuri, maana bila hiyo hawataelewa yanayofuata. Fulgence alimaliza sekondari mwaka 1965, akapewa diploma, na mimi nilibaki na nyavu, baadaye nikaanza kupandisha samaki wa chumvi kwa lori kutoka ziwani mpaka soko la Nyakasanza hapa Bunia, kazi ninayoifanya hadi leo na ambayo harufu yake hamhitaji kuelezwa.

Aliajiriwa mwaka 1966 kufundisha Kifaransa katika madarasa ya chini ya shule ile ile iliyomlea, na mwaka 1969 akafika pale padri mmoja wa Hispania, Padri Anselmo, mtu mfupi mwenye sauti kubwa, aliyempenda kaka yangu mara moja kama kila mtu alivyompenda mara moja, akaanza kumfundisha Kihispania jioni barazani. Padri huyo hakuanza na salamu wala na majina ya vitu, alianza na vitenzi vile ambavyo kazi anayoifanya mtu inamrudia mwenyewe, kuamka, kujiinua, kunawa, kuchana nywele, kuvaa, kwenda zako, kwa sababu alisema mtu anayeweza kuamka na kuvaa katika lugha fulani hawezi kupotea ndani yake. Mimi nilipopita na mizigo yangu nilimwona kaka amesimama mbele ya mzungu, anajifuta uso usio na maji na kujichana kwa chanuo lisilokuwepo, akisema me lavo, me peino, me visto, yaani nanawa, najichana, navaa, nikasema moyoni kwamba huyu sasa amepata wazimu na bado watu wanampigia makofi.

Mwaka 1975, serikali ilipokuwa imekwisha kuchukua shule, Padri Anselmo alirudi kwao, na kozi ya Kihispania ikabaki mikononi mwa Fulgence, saa mbili kwa juma, kwa hiari, katika mji ambao hakuna Mhispania anayepita. Nyinyi wanafunzi wake mnaikumbuka kalasi ile kuliko mimi, alivyoingia na beseni ya maji, sabuni, kioo na chanuo, akanawa kweli mbele yenu, akavua viatu na kuvivaa tena, na kila mmoja akaja mbele kufanya na kusema, mimi, wewe, yeye, sisi, nyinyi, wao, mpaka maji yakawa ya tope na mtoto wa mwisho akatoka amesafika kuliko alivyotoka kwao. Ikaenea, mnajua, nikishuka mtoni kusuuza vikapu vyangu niliwakuta watoto ambao hata hawakukaa katika kalasi yake wanajimwagia maji na kuimba me lavo, te lavas, se lava, nos lavamos, na mama zao wakiwaitikia wakifua nguo. Nilikuwa mtu pekee katika Bunia aliyenawa kimya, kwa makusudi.

Niliingia katika kalasi ile siku moja tu, mwaka 1977, nikakaa nyuma kabisa, kwa sababu nilitaka kujua ana nini ambacho mimi sina, akaniona, akaniita mbele kwa furaha ya kweli, nasema ya kweli kwa sababu hakuwa mtu wa kudhihaki, na hilo ndilo lililokuwa gumu kulimeza. Nilishika sabuni, ikaniteleza mpaka chini ya meza ya mbele, watoto wakacheka, naye akaiokota na kuniambia kwa upole, "Haiko kitu, mudogo yangu, tutaanza tena." Hatukuanza tena.

Sasa nafika kwenye ndoa, na hapa naomba Émilienne aniwie radhi, ingawa anajua kila ninalolisema. Émilienne ni binti wa mzee Tharcisse, mtu wa kwetu Mahagi aliyehamia Nyakasanza, na mwaka 1973 alikuwa akija sokoni kila siku ya posho, yaani Jumamosi, kununua samaki kwangu, si kwa mwingine, anawageuza mmoja mmoja na kuniambia kwamba nimewatia chumvi nyingi ili wawe wazito, nami nikimjibu kwamba akiwa na mashaka aje ziwani kuwavua mwenyewe. Nilipomwambia nataka kuja kwao hakukataa, alisema tu, "Kuja na mukubwa yako, baba yangu hasikilizi kijana peke yake," na ni kweli, kwetu mwanaume hajisemei mwenyewe kwa wakwe, anasemewa. Nikamwendea Fulgence, nikamwomba anisemee, akakubali, akavaa suti yake, tukaenda pamoja tarehe 18 mwezi wa kumi na moja 1973, mimi nimebeba kuku na yeye amebeba maneno.

Alinisemea vizuri, hakuna aliyewahi kunisifu vile, mpaka mzee Tharcisse akamwuliza swali moja, kama yeye mkubwa ameoa, na Fulgence akajibu kwamba bado, na mzee akaweka kikombe chini akasema, "Sasa mudogo atapita mukubwa namna gani? Siye hatufanyake vile." Wageni mtaniuliza kwa nini hatukulifikiria kabla ya kwenda, nami ninajiuliza hilo hilo mpaka leo, vijana wawili waliokua ndani ya desturi, mmoja na diploma, wakaenda na kuku wao kuuliza kitu ambacho jibu lake walilinyonya kwa mama. Kaka yangu angeweza kusema kwamba ana mchumba mwingine na ataoa kwanza, angeweza hata kusema nipewe muda, lakini alikaa kimya, akamtazama Émilienne aliyekuwa analeta chai, na mzee akakiona kimya kile, akaelewa kwamba mkubwa mwenyewe anamtaka. Katika miezi iliyofuata Émilienne alianza kuhudhuria masomo ya jioni pale misheni, ambako kaka yangu alikuwa akimsaidia Padri Anselmo kufundisha, akajifunza kuamka na kuvaa kwa Kihispania, na wakafunga ndoa katika Kanisa tarehe 10 mwezi wa nane 1974, siku ya posho, mimi nikiwa shahidi wa bwana arusi, na samaki wote mliokula siku ile walikuwa wangu.

Mungu aliwajalia watoto watatu, Lucienne aliyezaliwa tarehe 7 mwezi wa tano 1976, Donatien tarehe 30 mwezi wa kwanza 1979, na Valérie tarehe 12 mwezi wa pili 1983, wote hapa Bunia. Mimi sikuoa, na mlionitania sokoni kwamba ni harufu ya samaki inayofukuza wanawake, niliwaacha mseme, kwa kuwa ilikuwa afadhali kuliko sababu yenyewe. Nilikula kwao kila Jumapili, nikaketi mezani nikiwaona wanavyojibizana kwa lugha ile, neno lake na neno la mke wake, na kicheko katikati, na watoto wanaelewa, na mimi najaziwa sahani kama mgeni mheshimiwa. Wivu wangu haukuwa wa siri kwangu mwenyewe, uliamka nami na kulala nami, na hakuna mtu aliyewahi kuukasirikia, kwa sababu nilipoleta samaki niliwachagua wazuri.

Ugonjwa ulimwanza mwishoni mwa mwaka 1985, miguu ikavimba, nguvu zikapungua, na baada ya vipimo hapa mjini tuliambiwa ni figo, tukampeleka hospitali ya Nyankunde tarehe 9 mwezi wa kwanza mwaka huu wa 1987, na mimi ndiye niliyelala naye kwenye lori, kichwa chake mapajani mwangu. Alipokuwa hawezi tena kunyanyua mkono, Émilienne alimnawisha kitandani kila asubuhi, na siku moja nikiwa mlangoni nimeshika ndoo nilimsikia akianza kusema neno lake la kunawa, akakwama, akamwambia mke wake kwamba halifai tena, maana kazi sasa anaifanya mtu mwingine, na Émilienne akampa lile linalofaa, me lavas, wewe unaninawisha, wakacheka wote wawili mpaka akakohoa. Nilimwonea wivu mgonjwa, ndugu zangu, nilimwonea wivu mtu ambaye daktari alikuwa amekwisha kutuita pembeni. Alifariki tarehe 14 mwezi wa tatu, siku ya posho, saa nne asubuhi, Émilienne amemshika mkono wa kulia na mimi wa kushoto.

Jana asubuhi wazee wa ukoo walikaa hapa kwenye matanga, na baba mdogo Gustave, mdogo wake marehemu baba yetu, akasema kinachojulikana, kwamba mkubwa akifa mdogo anaingia katika nyumba, anamrithi mjane na kulea watoto, na akaagiza historia hii imalizike kwa kulitangaza jina langu. Aliniambia mbele ya wote, "Ile desturi ilikunyanganyaka, sasa inakurudishia, furahi basi." Émilienne alipoulizwa alijibu bila machozi na bila hasira, na maneno yake nayasoma kama alivyoyasema, "Miye siwezi katala neno ya wazee. Lakini Placide ajue vile niko. Asubuhi nikinawa uso, maneno ya Fulgence inatoka yenyewe, haiombake ruhusa. Na watoto ni vile vile. Kama anaweza kukaa na hiyo, aje."

Nilifurahi, siwadanganyi, nilifurahi karibu na jeneza la kaka yangu, jana mchana kutwa nilipokea pole zenu na ndani nilikuwa bwana arusi. Leo asubuhi nilitoka uani kunawa, nikamkuta Valérie, aliyetimiza miaka minne mwezi uliopita, ameinama juu ya beseni, anajipaka maji usoni na kusema yale maneno kwa sauti ya baba yake, na mama yake yuko ndani anayaitikia huku anakunja kitambaa cha kilio. Nilisimama pale na taulo begani, nikaona miaka yangu yote iliyobaki, asubuhi baada ya asubuhi, mimi nimepewa mke, nyumba na watoto, na kaka yangu ananitangulia kwenye maji.

Ukurasa huu baba mdogo Gustave hajausoma, naomba aniache nimalize. Mimi Placide Unega siingii katika nyumba ya kaka yangu, Émilienne yuko huru, nyumba ni yake na watoto ni wake, na mtu wa ukoo atakayemsumbua atanikuta mimi kwenye mlango, na samaki watakuja siku ya posho kama kawaida. Msiniite mtu mwema, kwa sababu nilimtaka mwanamke huyu tangu siku za sokoni na namtaka hata sasa ninaposoma, nasema hivyo mbele ya Padri. Nimekataa kwa wivu mtupu, kwa kuwa kaka yangu alipokuwa hai nilikuwa na tumaini la kumshinda siku moja, hata kwa jambo dogo, na sasa amekufa, sitamshinda kamwe.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi wa Nyankunde, ambao walikubali kufundishwa kuamka kwa Kihispania na mgonjwa wao mwenyewe, inawashukuru jirani wa Nyakasanza kwa kuni, maji na viti, inawashukuru waalimu wenzake, ambao tangu juzi wananiambia nafanana naye sauti, na nawaomba wasiniambie tena, na inawashukuru wanafunzi wake wote waliokuja wakiwa wamenawa.

Kaka Fulgence, pumzika kwa amani, na sasa uniache na mimi nipumzike.